Sanduku la Dereva: Barua za duka la Ganado

Toleo lililopita kijana mmoja wa Moshi aliniuliza madereva wa malori kule Marekani hulala wapi. Nikamjibu kwamba ukishamaliza saa zako za wiki, sheria inakuruhusu kuanza kuhesabu upya ukipumzika saa 34 mfululizo. Nikaongeza kwamba mimi za kwangu nilikuwa nikizimalizia Gallup, New Mexico: naacha tela, nachukua kichwa, nakwenda kuzurura kwenye duka kongwe la Wanavajo, watu wa asili wa Marekani, pale Ganado, Arizona. Sentensi moja tu ilinitoka. Barua zote zilizokuja ni za sentensi hiyo. Habari ya kulala hakuna aliyeiuliza tena. Basi leo sanduku zima ni la Ganado.

*Mzee Dereva, shikamoo. Binti yangu anasoma Flagstaff, na Julai nakwenda kumtazama, inshallah. Ameniambia atanipeleka kwenye hilo duka la Wanavajo ulilolitaja. Mimi nimekaa dukani Kariakoo miaka 27. Nipande ndege mbili kwenda kutazama duka? — Mama Duka, Dar es Salaam*

Marahaba, mama. Nenda, tena afadhali uende wewe kuliko profesa. Profesa akiingia pale hutazama kuta. Wewe utatazama kaunta.

Ni jengo la mawe, refu kwenda mbele na fupi kwenda juu, kando ya korongo ambalo siku nyingi za mwaka ni mchanga mtupu. Ukisukuma mlango, sakafu ya mbao inalia chini ya miguu. Chumba cha kwanza Wamarekani wanakiita zizi la madume, kwa sababu mteja anasimama katikati na kaunta zimemzunguka kama boma. Zenyewe ni za juu, zinakufika kifuani, na ni pana kiasi kwamba mkono wa mteja haufiki kwenye rafu. Wewe sina haja ya kukueleza kwa nini. Darini vimetundikwa matandiko ya farasi, ndoo, kamba na masufuria. Kwenye rafu kuna makopo, peremende, mablanketi ya Pendleton, na unga wa ngano wa Blue Bird katika vile vifuko vya kitambaa vyenye picha ya ndege wa buluu. Unasagwa Cortez, Colorado, na Mnavajo ukimwambia kuna unga mwingine mzuri kuliko huo atakutazama tu.

Siku ya kwanza nilidhani vitu vile vimepangwa kwa ajili ya watalii. Mara akaingia mzee mwenye kofia pana, akaweka juu ya kaunta mfuko wa unga, kopo la kahawa na betri za tochi, akalipa, akatoka bila kumtazama mtu. Ndipo nikajua kwamba duka lile bado linauza.

Asili yake ni ya machungu. Mwaka 1863 na 1864 jeshi la Marekani lilichoma mashamba ya Wanavajo, likakata hata mipichi yao ya bonde la Canyon de Chelly, kisha likawaswaga watu zaidi ya 8,000 kwa miguu, mwendo wa kilomita 480 na ushei, hadi kambi ya Bosque Redondo mashariki mwa New Mexico. Wengi walikufa njiani na kambini. Mkataba wa Juni 1868 ukawarudisha kwao, lakini mifugo ilikuwa imekwisha, na kambini walikuwa wamezoeshwa unga mweupe, kahawa na sukari za mgao. Mwenye duka akapata mlango. John Lorenzo Hubbell, baba yake mtu wa Connecticut na mama yake wa ukoo wa Kihispania, alilinunua duka la Ganado mwaka 1878, akiwa kijana wa miaka 24. Ukoo wake ukaliendesha mpaka mkwe wake, Dorothy, alipoliuza kwa Idara ya Hifadhi za Taifa mwaka 1967. Idara haikulifunga kwa vioo. Leo biashara inaendeshwa na Western National Parks Association, shirika lisilo la faida, na kuingia ni bure. Kama wanatembeza watu siku hiyo, ombeni muingie nyumba ya Hubbell iliyo nyuma ya duka. Inua macho utazame dari, vikapu vimebandikwa kati ya boriti mpaka hakuna nafasi.

Sasa jambo la kwako hasa, maana unatoka Flagstaff mwezi wa Julai. Wakati wa kiangazi chao Wamarekani husogeza saa mbele kwa saa moja. Jimbo la Arizona halisogezi. Taifa la Navajo, yaani ardhi wanayojitawala Wanavajo, linasogeza. Na katikati ya ardhi ya Wanavajo wamekaa Wahopi, watu wengine wa asili, nao hawasogezi. Mimi mara ya kwanza nilitokea magharibi, saa ya lori inasema saa kumi na robo alasiri, nikakuta kufuli: kwa Wanavajo ilikuwa saa kumi na moja na robo, watu wameshakwenda zao. Nililala mle mle ndani ya kichwa cha lori nikila biskuti. Kwa hiyo saa ya binti yako ikisema saa nne, wewe hesabu tano. Njia ni I-40 kwenda mashariki hadi Chambers, halafu mnakata kushoto kwa barabara 191, kama kilomita 60. Jazeni mafuta kabla ya kukata.

*Kaka Dereva, shemeji yangu wa Dallas ameniletea zulia, anasema ni la Navajo halisi, kalinunua kando ya barabara kuu. Lina matamvua mazuri pande zote mbili. Nina kibanda cha vinyago Mji wa Kale. Nilitie bei gani? — Muuza Vinyago, Mombasa*

Litie bei ya zulia zuri, na neno Navajo ulifute.

Usimkasirikie shemeji. Mimi mwenyewe nilitoa dola 85 kwenye kibanda cha kando ya I-40, mwenye kibanda akaniapia kwa mama yake. Nikalipeleka Ganado kwa mbwembwe, nikalitandaza mbele ya mama wa makamo aliyekuwa akifuma pale kuwaonyesha wageni. Hakutazama nakshi hata kidogo. Alilishika ncha, akapitisha kidole gumba ukingoni, akalikunja vizuri na kunirudishia. "Hili limetoka mbali," akasema, akarudi kazini kwake. Nilikaa pale kwenye benchi kama mtoto aliyeshikwa na embe la jirani. Baadaye, aliponiona siondoki, akanionyesha.

Kitanda cha mfumi cha Wanavajo kinasimama wima. Mtande wake ni uzi mmoja tu, mrefu, unaozungushwa juu na chini, juu na chini, bila kukatwa mahali. Zulia likishuka kitandani, kingo zake zote nne zimefungwa. Kwenye pembe tu utakuta vishada vidogo vinne, ndipo zinapoishia kamba nene za ukingo. Matamvua hutokea pale mtande unapokatwa. La kwako na la kwangu yamekatwa. Halafu bonyeza ubavu wa zulia lako kwa vidole viwili. Ukisikia nyuzi za mtande zimekusanywa mbili tatu pamoja, kama mshono uliovimba, hiyo kwa kawaida ni kazi ya Mexico. Wazapoteki wa Oaxaca ni mafundi hodari, wala sioni kosa lao. Kosa ni la aliyebandika jina. Ndivyo tulivyofanyiwa sisi na kiondo: kimesukwa kiwandani mbali huko, kikaja kuuzwa kwa jina la mama wa Machakos.

Kuna vighairi. Vizulia vidogo vya Gallup vya mtande wa pamba huwa na matamvua upande mmoja. Na yapo mazulia ya mwishoni mwa karne ya 19, ya nyuzi za kiwandani kutoka Germantown, Pennsylvania, ambayo wafumaji waliyatia matamvua kwa kupenda. Lakini hayo hayauzwi kando ya barabara.

Sheria wanayo. Kwa sheria ya mwaka 1990 ni kosa Marekani kuuza kitu kwa jina la watu wa asili hali hawakukitengeneza wao. Na mwaka 2012 Taifa la Navajo liliishtaki kampuni ya Urban Outfitters kwa kutumia jina Navajo kwenye nguo na mapambo. Walimalizana kwa maafikiano mwaka 2016.

Umeuliza bei, ngoja nikueleze inakotoka. Kondoo anakatwa sufu. Sufu inachambuliwa kati ya vibao viwili vyenye meno ya waya. Inasokotwa kwa kijiti kirefu chenye kisahani cha mbao, kinabiringishwa juu ya paja kwa kiganja, na uzi ule ule unapitishwa tena na tena mpaka ulingane. Ndipo kufuma. Mshindio, uzi wa kukingama, haurushwi toka ubavu hadi ubavu. Kila rangi ina uzi wake, unakwenda mpaka penye mpaka wa rangi ya jirani, unarudi. Ubao mwembamba unafungua mtande, vidole vinapenyeza uzi, chanuo zito la mbao linaugonga chini: du, du, du. Nilikaa saa mbili kamili kwa saa ya dukani. Zulia lilipanda upana wa vidole viwili, na mama yule alinihakikishia kuwa siku ile mkono ulikuwa mwepesi. Shughuli pevu ni mwishoni, kule juu, nafasi inapokuwa haimruhusu hata ubao kupita. Hapo anatumia vijiti vinavyozidi kuwa vyembamba, halafu njiti ya mwavuli, halafu sindano ya magunia, uzi mmoja mmoja. Aliniambia kipande kile cha mwisho ndicho kinachomfanya mtu aulize kama anaipenda kazi hii.

Pale Ganado rangi yao ni nyekundu nzito, pamoja na nyeusi, nyeupe na kijivu. Hubbell ndiye aliyeipenda nyekundu hiyo, na katika chumba cha mazulia bado zimetundikwa picha ndogo ndogo zilizochorwa kwa rangi, kila moja nakshi ya zulia moja. Zilikuwa kama katalogi: mfumaji anasimama, anaonyeshwa aina mwenye duka anayoitaka. Ukienda upande wa Two Grey Hills utakuta kahawia, nyeusi na nyeupe ya kondoo mwenyewe, bila kutiwa rangi. Wide Ruins wanachemsha mimea kupata rangi. Mtu aliyezoea hutaja mahali kabla hajageuza lebo.

Mimi mwishowe nilinunua moja, dogo kama sinia ya chai, dola 160, lenye lebo ya jina la mfumaji na mahali anapokaa. Lile la dola 85 nalikanyaga kila siku nikitoka kuoga. Ni imara, sikatai.

*Dereva, nyie watu wa pwani maduka mnayapenda. Babu yangu hapa Tabora alikopa chumvi na nguo, akalipa kwa asali na nta mpaka siku anakufa, na deni likabaki. Huyo Hubbell wako tofauti yake nini? — Mjukuu wa Mdaiwa*

Ndugu yangu, tofauti si kubwa, na nakushukuru umeniuliza.

Mwaka wa Mnavajo ulikuwa na malipo mawili: sufu wakati wa kuchipua majani, wanakondoo kabla ya baridi. Katikati pale mnaishi kwa daftari la mwenye duka. Daftari likijaa, unaweka rehani: mkanda wa fedha, mkufu, bangili, hatamu. Kukiwa na ngoma ya matibabu au sherehe, wenye duka wengi walikuwa wakimwazima mtu mkufu wake mwenyewe avae siku hiyo, kisha aurudishe kwenye msumari. Sijui uite wema au uite nini. Wengine walilipa kwa sarafu zao za bati, ambazo hazinunui kitu ila katika duka hilo hilo. Na mazulia, siku za mwanzo, yalipimwa kwa mizani na kulipwa kwa uzito kama kahawa ya ghalani. Reli ilikuwa imekwisha kufika Gallup mwanzoni mwa miaka ya 1880, na mazulia ya Ganado yakawa yanauzwa kwa kampuni ya Fred Harvey iliyokuwa na mahoteli kando ya reli. Nani alikula faida kubwa hapo, wewe na mimi hatuhitaji karani.

Hubbell alikuwa na mengine. Ndui ilipopiga mwaka 1886 aliwauguza watu nyumbani kwake, maana yeye alishawahi kuugua na haikumrudia. Aliongea Kinavajo. Wao wakampa jina la miwani yake. Alipokufa mwaka 1930 alizikwa kwenye kilima kilicho juu ya duka, karibu na rafiki yake Many Horses, mtoto wa Ganado Mucho, yule kiongozi ambaye mji umepewa jina lake. Yote hayo ni kweli, na daftari pia ni kweli.

Na usidhani ni habari za mababu tu. Mwaka 1973 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ilitoa ripoti nzima juu ya maduka haya katika ardhi ya Wanavajo: bei za kuumiza, riba zisizoelezwa, rehani zinazouzwa kabla ya siku yake. Kanuni zikakazwa, na biashara ya rehani ikahamia miji ya mpakani kama Gallup. Nenda leo utaona mitaa mizima ya maduka ya rehani, vioo vimejaa mikufu. Kila mkufu una kikaratasi. Mimi nilikuwa nikipita haraka, nikikumbuka bangili za marehemu shangazi yangu zilizowahi kulala kwa mwenye duka Pangani miezi minane.

Nikuongezee kimoja. Nguo aliyokopa babu yako, ikiwa ni ile tuliyoiita amerikani, asili yake ni viwanda vya New England, ikiletwa Unguja na merikebu za wafanyabiashara wa Salem. Ni upande huo huo alikotoka baba yake Hubbell.

*Tuko wanne, tunasoma Minneapolis. Tusalimieje tukifika, kupiga picha ni ruhusa, na Muislamu atakula nini? — Wanafunzi Wanne*

Wenyewe wanajiita Diné. Salamu ni "Yá'át'ééh", na mkono unapewa kwa ulaini, haubanwi. Msionyeshe watu kwa kidole. Wao huonyesha kwa midomo, kama nyanya zenu. Picha ya mtu, omba kwanza, na ukikataliwa usiulize sababu. Pombe ni marufuku karibu katika ardhi yao yote. Tena msiseme "kijiji cha Wanavajo": nchi hiyo ni kama kilomita za mraba 71,000, Rwanda na Burundi ukiziunganisha hazifiki.

Chakula: mtapewa mkate wa kukaanga, ndugu wa andazi, mtamu sana ukiwa moto. Ulizeni mafuta kwanza. Mara nyingi ni ya nguruwe. Mimi nilikula miwili kabla ya kuuliza, Mungu anisamehe.

*Mzee, mimi ni sonara hapa Lamu. Nimeona picha ya mkufu wa Wanavajo, katikati unaning'inia mwezi mwandamo kabisa. Hao si Waislamu. Wameutoa wapi? — Sonara wa Langoni*

Swali hili lilinikesha, maana hata mimi nilipouona kwenye kioo nilisimama.

Kidani kile kinaitwa naja. Kabla hakijafika kifuani mwa mtu kilikuwa kwenye paji la uso la farasi. Wahispania walioingia New Mexico walipamba hatamu zao kwa mwezi mwandamo wa chuma au fedha, nao walijifunza pambo hilo kwa Waislamu wa Afrika Kaskazini walioitawala Andalusia karne nyingi. Mnavajo akauona kwenye farasi wa Mhispania, akauchukua kwa farasi wake, kisha akauvaa. Kwa hiyo hukukosea, sonara: ni wa kwetu, umefika kwa kuzunguka.

Fundi wao wa kwanza anayetajwa ni Atsidi Sani, jina lenye maana ya mhunzi mzee. Alijifunza kwa fundi wa Mexico, akaanza na chuma, lijamu na hatamu, fedha ikaja baadaye. Na fedha yenyewe, sikiliza, walikuwa wakiyeyusha sarafu: dola za Marekani, baadaye peso za Mexico. Si ndivyo mababu zako walivyoyeyusha reale za Maria Theresa kufua bangili na vikuku? Nilimweleza hivyo fundi mmoja pale, akanitaka nimchoree ile reale. Nilichora mama mnene mwenye ushungi, basi tukacheka.

Jiwe ni feruzi. Hapo fungua macho. La bandia ni jiwe jeupe lililotiwa rangi, au plastiki tupu. Ukiona feruzi mia moja zote za rangi moja, sawasawa kama zimemwagwa kwenye kalibu, huenda zimemwagwa kweli. Ubandia wenyewe ni wa zamani. Kuna shanga za kioo za rangi ya feruzi, kutoka Bohemia, nchi ya Wacheki kule Ulaya, ambazo wakusanyaji mpaka leo huziita shanga za Hubbell. Shanga za kioo za Ulaya, hasa za Venice, ndizo zilizokuwa zikijaza mizigo ya misafara ya bara kutoka Bagamoyo. Tazama nyuma ya kidani, fundi wa siku hizi hugonga alama yake pale. Kisha uliza jina lake. Muuzaji wa haki analijua, na mara nyingi anamjua na shangazi yake.

*Baba Dereva, mimi nasuka mikeka. Nimesikia wafumaji hao hutia kosa makusudi kwenye zulia, ili wasishindane na Mungu. Ni kweli? — Bi Mkeka, Pemba*

Hiyo ya kosa la makusudi, bibi, utaisikia kwa wauzaji zaidi kuliko kwa wafumaji. Kilichopo ni kitu kingine. Mazulia yenye mpaka kuzunguka pande zote, mara nyingine karibu na pembe ya juu utaona ka-mstari kembamba, ka rangi ya katikati ya zulia, kanakata mpaka na kutokea nje. Si kila zulia linako, wala si kila mfumaji anakatia. Mama yule wa Ganado alinieleza hivi: ukifuma miezi mitatu, mawazo yako yote yameingia mle ndani, ukizungushia mpaka bila mlango, yatatokea wapi? Na zulia linalofuata utalifuma kwa akili gani? Hakutaja kosa popote. Kwake kosa linafumuliwa, na nilimwona akifumua.

Kufuma walifundishwa na Na'ashjé'ii Asdzáá. Nikitafsiri neno kwa neno ni Bibi Buibui, na usicheke, ni yule mdudu, si vazi. Makazi yake ni juu ya mnara wa jiwe katika Canyon de Chelly, mita zaidi ya 200 kwenda juu, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Ganado. Nimeutazama kutokea ukingoni mwa bonde, upepo unavuma, kichwa kinazunguka.

Kondoo wao nao wana kisa chao. Ni wale waitwao Churro, walioletwa na Wahispania, sufu yao ndefu haina mafuta mengi, inasokotwa bila kuoshwa sana. Miaka ya 1930 serikali ilisema malisho yanaharibika, ikaamuru mifugo ipunguzwe, na kondoo na mbuzi kwa maelfu wakauawa mbele ya wenyewe. Churro walikaribia kutoweka kabisa. Kuanzia 1977 ndipo walipoanza kutafutwa huku na huku na kuzalishwa tena. Wazee bado wanazungumzia siku zile kama sisi tunavyozungumzia njaa, kwa jina la mtu na jina la mnyama.

Safari yangu ya mwisho nilikwenda na kipande cha ukili, upana wa vidole vitatu, wa miyaa iliyochemshwa kwa rangi nyekundu na nyeusi. Marehemu mama yangu aliusuka, akafa kabla hajaushona mkeka. Nilimkuta mama yule yule, na zulia jingine kitandani. Nikamweleza kwamba kwetu unasuka kwanza utepe mrefu, pima kwa pima, ndipo unaushona kwa kuuzungusha mpaka mkeka utimie. Akaupokea kwa mikono miwili. Hakuangalia rangi. Alipitisha kidole gumba ukingoni, polepole, toka ncha hadi ncha, akaupindua, akapitisha tena. Kisha akauliza, "Uzi unaanzia wapi?"

Nilipoinama kumwonyesha, nikagundua mimi mwenyewe sijui.